Walisema Mguu Wangu Umeua Mashine

Zaituni amekula kona ya ukurasa huu sasa hivi. Nimemtoa karatasi mdomoni kwa kidole, akaning'ata kwa yale meno yake mawili, akacheka. Bon, daftari, umepungua kidogo. Vumilia.

Leo Alhamisi. Mvua ya asubuhi imekatika, Nengo yote ni matope, na mi niko na hasira tangu Jumatatu.

Jumapili nilimpelekea Baba Zaituni chakula ziwani. Yeye ni baharia kwenye boti ya Muzungu, ile ya injini, yenye mashine ya kuonyesha samaki. Ni sanduku la chuma. Ndani yake sindano inakwenda inarudi juu ya karatasi, inachora chini ya ziwa, na samaki wakiwepo inawachora kama madoa ya masizi. Inakula umeme wa batri kubwa ya gari. Sasa mvua ikanikuta pale, Zaituni mgongoni, nikaingia ndani ya boti kujificha chini ya turubai. Muda wa mtu kumaliza sahani moja tu.

Jumatatu mashine ikafa katikati ya ziwa.

Kapita, mkubwa wa mabaharia, hakuangalia waya wala batri. Alisema ni mimi. Mwanamke anayenyonyesha ameweka mguu ndani ya boti, maziwa yamefunga macho ya mashine. Akanikataza kukanyaga ufukwe mpaka nilete kuku wa kuosha boti. Na mimi riziki yangu iko palepale: nanunua samaki, nakaanga, nauza barabarani. Siku tatu karai langu ni kavu. Wenzangu wananipita wakiwavutia watoto wao upande wa pili wa njia.

Hayo ningeyameza. Lakini Baba Zaituni alikuwa amesimama pale, akasikia yote.

Akanyamaza.

Ngoja niandike ya leo. Marehemu baba yangu alikuwa dereva wa lori, alikuwa anapakia viazi Bugeshi. Aliniachia ampuli moja, balbu ya taa ya gari, yenye nyaya mbili fupi. Nilipokuwa msichana nilikuwa namshikia vyombo akitafuta umeme umepotelea wapi. Gusa hapa: ikiwaka, umeme upo. Sogea mbele, gusa tena: ikififia, umeme umeishia njiani. Shuleni nilikaa miaka mitatu tu, na hakuna nilichokielewa vizuri kama hicho.

Leo nikamfunga mtoto mgongoni, nikashuka. Boti ilikuwa imefungwa ufukweni, mabaharia wanashona nyavu. Kapita akaniona, akasimama.

"We Mama Zaituni, kuku iko wapi?"

"Kuku inataga, Kapita. Nimeleta ampuli."

Mmoja akapiga makofi. "Ye baba we! Amekuja kunyonyesha batri!"

Wakaangua kicheko. Na mimi nilicheka kidogo, maana ilichekesha, lakini sikusimama.

"Mashine si imeshakufa?" nikamwambia Kapita. "Nikiingia tena, itakufa mara ya pili?"

Nikashika ukingo wa boti, nikaingia.

Kwenye batri ampuli iliwaka kali, nyeupe. Nikaenda nyuma ya mashine, nikagusa pale nyaya zinapoingia. Ikawa nyekundu tu, kama kaa linalozimika. Donc batri ni nzima, umeme unapotea katikati. Nikaufuata waya kwa vidole, ubao kwa ubao, mpaka chini kabisa pale maji machafu yanapotuama. Hapo ulikuwa umekatika, mtu akauunganisha kwa mkono, akafunga kitambaa. Kitambaa kimelowa, shaba imekuwa kijani, inavunjika kama jani kavu.

Kile kitambaa nilikijua. Ni kitenge changu cha manjano, nilichokichana kumfanyia Zaituni nepi.

Nikainua macho. Baba Zaituni alikuwa anaangalia ziwa.

"Ni nani alifunga huu upuuzi?" Kapita akauliza.

Jina lilikuwa kwenye ulimi. Ningelitema, ningekuwa safi mbele ya wote, na mume wangu angekuwa hana kazi.

"Mi nilikuja kutafuta umeme, Kapita. Sikukuja kutafuta mutu."

Nikaomba kisu. Nikakwaruza shaba mpaka ikang'aa, nikaisokota, nikaifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, nikautundika waya juu, mbali na maji. Sindano ikashtuka. Ikaanza kuchora! Ile harufu ya karatasi inayounguzwa na sindano ikatoka, na wanaume wazima wakainama juu ya sanduku wakisukumana kama watoto.

Kapita akakohoa. "Hata hivyo kuku ulete. Huwezi kujua."

"Sileti. Kesho nakuja na karai yangu, nanunua samaki kama wengine. Na mvua ikinyesha, naingia ndani ya boti."

Nilisema hivyo. Mbele ya wote.

Nyumbani ndipo Baba Zaituni alipofungua mdomo. Nanga ndiyo iliyokata waya, anasema. Aliogopa Muzungu angemfukuza, akaunganisha kimyakimya. Na Kapita aliponitaja mimi, alifikiri maneno yatapita tu. Yatapita! Juu ya kichwa changu na cha mtoto wake!

Nampenda, na hapa naandika ukweli, ningeweza kumpiga na mwiko. Woga wake wa kukosa kazi nauelewa. Kunyamaza kwake sikuelewi. Nimemwambia: jina lako sitalisema mimi, hata wakinikaanga. Litasemwa na wewe, au halitasemwa. Lakini kama halisemwi, usiniombe nikuangalie usoni. Akatoka, amekaa mlangoni tangu alasiri.

Naogopa, sifichi. Kazi ikienda, tutarudi Cyanzarwe kwa mama yake. Basi tutalima, jembe nalijua pia. Zaituni atasoma, na miaka yake itakuwa mingi kuliko yangu. Na sitaki akue akijua kwamba mtu anayekupenda anaweza kukaa kimya hivyo.

Nasikia Baba Zaituni anavaa viatu. Ananiita. Anasema nifanye haraka, twende kwa Kapita kabla ya magharibi, mabaharia wote wako pale, anataka nisimame karibu yake wakati atakaposema jina lake.