Ukuta Tuliopaka Rangi

Umetimia mwaka mzima, Sitati, tangu Nabalayo alipokuita chai mara tatu, nawe ukakaa kimya chini ya gari la watu. Mara ya nne alikuja mwenyewe na kikombe mkononi na maneno mdomoni, maana chai yako kupoa ilikuwa ugomvi wenu wa kila siku. Maneno yale hakuyasema. Daktari alituambia ni moyo, na kwamba hukuteseka.

Wengine wakifikisha mwaka huandika gazetini kwamba marehemu apumzike. Sisi tumejaribu kuandika hivyo, kalamu ikagoma. Wewe na kupumzika hamkuwahi kupatana, na tangu uondoke hata hapa nyumbani hakuna aliyetulia. Mkeo ndiye amezidi. Amehamisha makochi mara sita. Anaanza kufua, anaacha nguo kwenye beseni, anaenda kupalilia sukuma wiki, anaacha jembe katikati ya mstari. Tukimuuliza anatafuta nini, anasema hatafuti kitu.

Tunakumbuka siku ulipoacha kazi. Miaka kumi na tisa uliunda bodi za malori kwenye yadi ya watu huko mjini, zote kipimo kimoja. Kisha siku moja saa sita mchana ukaingia hapa nyumbani Kiamunyi na ovaroli yako kwenye mfuko wa karatasi.

"Mama Valarie, nimechoka kushonea watu elfu moja suti moja," ulisema.

"Na watoto watakula suti?" Nabalayo akakuuliza.

Ulicheka, ukala, na jioni hiyohiyo ukabomoa banda la ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe alihamia kwa ndugu yako Makokha, na hadi leo wanalaumiana. Pale palipokuwa na banda ukaezeka mabati, ukaandika getini kwa rangi nyekundu: KILA MTU NA GARI LAKE. Mtu wa kwanza kubisha hodi alikuwa anauliza njia ya kwenda kanisani. Hukukata tamaa. Ulimwelekeza, ukamwuliza ana gari la aina gani.

Halafu akaja mzee wa maziwa kutoka Njoro, ambaye mitungi yake ilikuwa inaanguka kila kona. Pikapu yake uliitengenezea vishimo, kila mtungi ukikaa kwake kama yai kwenye trei. Mzee yule alikutangaza kuliko redio. Wakaja wenye kuku, wenye maua, na kinyozi aliyetaka kunyoa watu ndani ya gari.

Na kila mteja ulimkalisha kwenye stuli ya jikoni ukampima kabla hujaligusa gari: goti hadi kisigino, bega hadi ncha ya kidole. Nabalayo alikuwa akisimama dirishani na kuuliza gari linataka nini na kiuno cha mke wa mtu. Ulimjibu kwamba gari ni nguo, basi na yeye arudi jikoni. Hakurudi. Vipimo hukuviandika kwenye karatasi. Uliviandika kwa chaki kwenye ukuta mrefu wa nyumba, ule unaotazama gereji, kila mteja na kona yake. Valarie, binti yako, alipokununulia daftari ulimshukuru, ukaliweka juu ya kabati. Ulisema daftari hupotea, ila ukuta kesho utaukuta palepale.

Baba Valarie, kuna jambo hatujakuambia, na tumeona tukueleze leo mbele za watu.

Juma lile la msiba, kabla ya kukupeleka Kimilili kukuzika, wageni walikuwa wanakuja jioni kwa maombi. Mashemeji kutoka Bungoma, akina mama wa kanisa, wenzako wa yadi. Nabalayo aliutazama ule ukuta umejaa chaki na mafuta, akaona aibu. Alitaka watu wakute kwako ni pasafi. Akamtuma Makokha akanunue rangi ya krimu, na Makokha, ambaye hajawahi kumaliza kazi hata moja maishani mwake, hiyo moja aliimaliza. Tena akapiga mkono wa pili.

Kang'ethe, mwenzako wa kuchomelea, alikuwa Mai Mahiu akitafuta kiti cha gari bovu. Aliporudi na kiti chake mgongoni alisimama akakitua polepole.

"Mama Val, hii ukuta imeenda wapi?"

Hapo ndipo mkeo alipomkumbuka Jepkemboi.

Tusaidie wanaosoma. Jepkemboi ni mwalimu huko Njoro, na miguu yake haina nguvu. Gari ulilokuwa umelala chini yake ni lake. Ulikuwa unalifungia kiti kinachozunguka na kutoka hadi mlangoni ili ahame mwenyewe kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu, na vipini vya breki na mafuta vya kushikwa kwa mikono. Ulimpima siku mbili nzima. Alikuwa amekuambia, "Fundi, mimi nimechoka kubebwa kama gunia," ukamwahidi ataendesha mwenyewe. Sasa gari lake lilikuwa uchi, halina kiti wala dashibodi, na vipimo vyake viko chini ya krimu.

Nabalayo alijaribu kuukwangua ukuta kwa kisu cha jikoni. Akajaribu sabuni, akajaribu petroli. Rangi ilitoka na chaki yake. Jepkemboi akipiga simu, mkeo alimwambia, "Kazi inaendelea, mwalimu, bado kidogo." Alimwambia hivyo miezi minane. Mwanamke aliyekuwa anawachapa watoto wako kwa uongo wa biskuti alidanganya miezi minane, kila simu ikikatika anazunguka nyumba mara mbili. Makokha alianza kusema gereji ikodishwe kwa wauza nyasi. Tulimwelewa. Hata Kang'ethe alikuwa ameshaanza kuuliza kazi kwingine, na lile gari lilikuwa limekaa pale linatutazama.

Mwezi wa tisa tangu uondoke, Jepkemboi alikuja bila kupiga simu. Jirani yake alimshusha getini, akamsukuma hadi kwenye gereji, na tukaona mkono wake wa kulia umefungwa. Waliokuwa wanambeba kumpandisha matatu ya kwenda kazini walimwangusha. Bega lilivunjika. Alitusimulia kama habari ndogo.

Nabalayo alikaa chini kwenye saruji, na nguo yake ya kanisa. Akamwambia yote: rangi, kisu, petroli, na uongo mmoja mmoja. Akasema, "Ni mimi nimekuangusha, mwalimu. Gari yako ingekuwa tayari saa hii." Tulijua ni kweli, na hakuna aliyemwambia si kweli.

Jepkemboi aliutazama ukuta, kisha akamgeukia.

"Nimekasirika, mama, sitakudanganya," akasema. "Lakini hizo vipimo zilikuwa za ukuta ama zangu? Si mimi niko hapa? Nipimeni tena."

Utatucheka, Sitati. Miezi minane watu wazima tunakwangua ukuta, na mwenye mwili yuko Njoro, mwendo wa nusu saa. Lakini hivyo ndivyo tulivyokuwa tunakuheshimu. Tuliona kipimo ambacho hukukipima wewe si kipimo.

Nabalayo akaenda kuchukua utepe wako kwenye mfuko wa ovaroli, ambayo hakuwa ameigusa. Kang'ethe alikuwa anakumbuka namba moja tu, umbali wa kipini cha breki: inchi kumi na tisa. Bega lilipofunguliwa wiki sita baadaye, mkeo alipima mara tatu, na mkono ule ukafika kumi na saba. Haukuzidi hapo tena. Hata ukuta ungebaki, kumi na tisa ingekuwa ya mwalimu wa mwaka jana, na breki asingeifikia. Kang'ethe alisema hilo limfariji Mama Val. Halikumfariji, maana anajua bega lile lilivunjika likisubiri gari. Ameamua kuishi nalo, na hatumlazimishi aseme limeisha.

Walilifunga gari lile wawili, Kang'ethe akichomelea, Nabalayo akimkalisha Jepkemboi na kumtoa, kumkalisha na kumtoa, wakibishana kama nyinyi mlivyokuwa mkibishana. Safari hii vipimo viliingia kwenye daftari la Valarie. Alhamisi iliyopita mwalimu alihama mwenyewe, akafunga mlango mwenyewe, akatoka getini akielekea Njoro bila kuaga, na tulifurahi kwamba hakuaga. Mkeo alilia hadi tukamletea kiti.

Bado analia, kijana mmoja akaingia na pikapu, akapiga honi.

"Mathe, sasa. Fundi yuko?"

Mwaka mzima swali hilo likiulizwa, Nabalayo amekuwa akisema umetoka kidogo. Amewaambia hivyo wauza vyuma, wenye kuku, hata mpima umeme. Neno lile lingine hakuwahi kulitamka, hata kaburini.

Alijifuta uso kwa leso.

"Fundi alikufa," akasema. "Mimi ni bibi yake. Ingiza gari."

Basi, Sitati Wamalwa, hizo ndizo habari za mwaka. Geti liko wazi, na kelele ni zilezile ulizotuachia. Unakumbukwa na mkeo Nabalayo, wanao Valarie na Zeddy, ndugu yako Makokha, ambaye amekatazwa kushika brashi, mwenzako Kang'ethe, na jamaa wote wa Kimilili na Kiamunyi.

Hakuna siku ambayo hatutakutaja. Na chai, mkeo anasema, bado anamimina vikombe viwili, na hataki kuulizwa.