Kobe wa Mawe na Mwalimu Wangu

Dada yangu Consolata,

Nakuandikia hadharani kwa sababu simu yako haipatikani, na sijui njia nyingine. Atakayesoma barua hii akikufahamu, naomba akufikishie.

Nimetoka Hanoi, kule Vietnam, nilikopelekwa na darasa letu la chuo pale Amherst, Marekani. Ndiyo, mdogo wako, yule uliyemwita kichwa kigumu. Tuliingia hekalu la kale la Konfusio, mwalimu wa Wachina wa zamani sana. Uani kuna kobe wa mawe wamebeba vibao, na kwenye vibao majina ya waliofaulu mitihani ya mfalme. Nikacheka peke yangu. Nilikukumbuka kule kambini Kigoma, Tanzania, tulipokuwa wakimbizi, unanichorea herufi vumbini kwa kijiti, mimi nazifuta kwa mguu ili tukacheze. "Futa tu," ulisema, "nitaandika mpaka uchoke wewe." Na kweli nikachoka mimi.

Ndani watu walikuwa wanainama mbele ya sanamu. Mama alishanionya kabla sijaondoka nyumbani kwetu Buffalo nisithubutu, sisi ni watu wa kanisa. Nikasimama nimekunja mikono. Mama mmoja anayetembeza wageni akanisogelea, akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu, "Si lazima umwinamie huyu. Mkumbuke mwalimu wako. Ni nani?"

"Dada yangu," nikamjibu.

"Bado yupo?"

Dada, wewe na shemeji mliporudi Burundi, nasi tukaletwa Marekani, ulikuwa unapiga simu kila Jumapili. Tangu machafuko yaanze Bujumbura, kimya. Nimeuliza kanisani, nimeuliza kwenye maduka ya wenzetu pale Grant Street, na kila mtu wa nyumbani ananiambia tuombe tu. Mama akirudi kutoka kiwandani Lackawanna haulizi tena, ananitazama usoni basi. Nimechoka kuomba. Nina hasira, na hakuna ninachoweza kumfanya mtu yeyote.

Yule mama wa hekaluni alikuwa bado anasubiri. Niliogopa kusema ndiyo, nikaogopa zaidi kusema hapana. Basi nikainama, nikalia hapo hapo mbele ya wenzangu wa darasa, naye akanishika bega.

Mama sijamwambia kwamba niliinama. Ukipiga simu, dada, na wewe usimwambie.

Ni mimi mdogo wako, simu iko mkononi.