Uzi Mwekundu Pembeni

Jumatatu, 4 Machi

Nina miaka sabini na mbili. Nimeishi kuzidi pasi tatu za mkaa, mashine mbili za kufulia za hoteli na daktari aliyeniambia niache chumvi. Mke wa kwanza nilimzika, Mungu amrehemu. Na bado nafua! Hakuna dobi hapa mjini anayenifikia kwa madoa. Nionyeshe doa, nitakwambia ni la nini na lina siku ngapi.

Shule niliishia darasa la tatu. Mwandiko wangu hata kuku anauonea aibu. Lakini daftari hili mke wangu wa sasa alipewa na nesi aandike siku zake, akalitupa kabatini. Eti yeye na miaka yake arobaini na minane aandike mambo ya wasichana? Nimeliokota. Nitaandika mimi.

Mambo yenyewe ni haya. Tangu mwaka jana siku zake hazina adabu. Miezi miwili kimya. Halafu mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Halafu tone tu. Nesi kasema kwa umri huo mwili unaelekea kufunga duka, mara nyingi ndivyo. Ila aandike, na zikizidi arudi.

Alhamisi, 7 Machi

Zimeanza. Vitambaa tisa tangu asubuhi! Najua kwa sababu nguo za nyumba hii hafui mtu mwingine. Maji baridi, chumvi, unasugua taratibu. Maji ya moto yanaipika damu — haitoki tena. Wajinga hawajui.

Nimevianika kwenye kamba ya mbele. Jirani yetu fundi cherehani, rafiki wa mke wangu, namwita Redio maana hazimwi, akapaza sauti: Shemeji, leo unapandisha bendera? Nikamjibu ndiyo, simama upige saluti. Alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni.

Jumapili, 10 Machi

Hesabu ilikuwa inanichanganya. Kitambaa kikirudi mara mbili kwa siku, nakijuaje? Nimepata dawa. Nimevitia alama kama nguo za wateja — uzi mwekundu pembeni. Cha kwanza mshono mmoja, cha pili miwili, mpaka cha kumi na mbili. Miaka hamsini sijampa mteja shati la mwenzake. Mara moja tu. Lilikuwa la hakimu, na hakugundua.

Alhamisi tisa. Ijumaa kumi na moja. Jumamosi kumi. Leo nane. Kilicholowa chote ndicho naandika. Kilichoguswa tu naweka kando.

Jumatatu, 11 Machi

Ameuona uzi. Vita!

Kaniuliza: Umenitia alama kama shati la mteja? Mimi mzigo wa hoteli? Nikasema mama, nahesabu kwa faida yako. Akasema mzee, kuna mambo ya mwanamke ambayo mwanamume hahesabu. Nikasema mwanamume mwingine, siyo mimi.

Chakula kimebamizwa mezani.

Jumatano, 13 Machi

Vitatu tu.

Ijumaa, 15 Machi

Hakuna hata kimoja! Kamba tupu. Nimeshinda. Ni yale maini na mboga za majani niliyomlazimisha ale. Nikamwambia Redio mke wangu amepona, na aliyemponya ni dobi. Redio akanitazama hivi, akainamia cherehani yake. Redio kunyamaza! Nikajua ni wivu.

Jumatano, 20 Machi

Ngazi za mlangoni ni tatu. Leo amepumzika kwenye ya pili. Midomo imepauka. Kasema ni joto. Nikasema eh, joto kali.

Mimi ambaye kutambua kupauka ndiyo kazi yangu. Rangi ikikimbia kwenye nguo naiona kutoka upande wa pili wa barabara.

Ijumaa, 22 Machi

Ameanguka.

Tulikuwa tunakunja shuka la hoteli. Yale makubwa hayakunjwi na mtu mmoja. Unashika ncha zako, mwenzako anashika zake, mnavuta. Nikavuta upande wangu. Upande wake haukuvuta. Kutazama — yuko chini, shuka limemfunika.

Nilipiga ukelele ambao sijawahi kuupiga, hata siku pasi iliponiunguza mguu. Redio akaja mbio na futi yake shingoni. Tunampepea, mara Redio akapasuka: Shemeji, hazijakoma! Hazijakoma hata siku moja! Ananituma pedi dukani, anazichoma nyuma ya choo changu usije ukazihesabu. Kaniapisha!

Siku kumi na sita. Na mimi najisifia kamba tupu.

Hospitali. Daktari ni mwanamke, mdogo kuliko binti yetu. Akauliza damu inatoka kiasi gani. Mke wangu akajibu: Ya kawaida tu, daktari. Nikatoa daftari. Daktari akasema: Baba, mwache mgonjwa aongee. Nikanyamaza! Waulize watu ni nani mwingine aliyewahi kuninyamazisha.

Halafu mke wangu, macho sakafuni, akasema: Msomee.

Nikasoma. Tisa. Kumi na moja. Kumi. Nane. Daktari akaweka kalamu chini, akauliza ukubwa wa kitambaa. Nikampimia kwa mikono. Akasema, mama, hii siyo ya kawaida, na hukupaswa kuibeba peke yako.

Wamempima mimba pia. Hana. Lakini kabla majibu hayajatoka nilikuwa nimesimama wima kidogo kwa majivuno.

Damu imepungua sana mwilini. Amepewa vidonge vya kuiongeza na vingine vya kuzuia isitoke. Wamempiga picha ya tumbo. Ukuta wa mfuko wa uzazi umekuwa mnene kuliko inavyotakiwa. Wakachukua kipande kidogo wakakipime. Daktari kasema huenda ni umri tu, na ndivyo kwa wengi. Ila yeye habahatishi. Majibu Ijumaa ya tarehe tano.

Jumapili, 24 Machi

Kuomba radhi sijazoea. Nilichukua mkasi nikakaa kibarazani kukata zile nyuzi. Akatoka akanikuta.

Akasema: Acha. Nikamwambia nilikosea kukutia alama bila kukuuliza. Akakaa. Akasema hakuwa ananificha mimi. Alikuwa anajificha yeye. Ukihesabu, mzee, linakuwa jambo la kweli.

Nikamwambia kweli, nikaweka mkasi chini. Tarehe iandikwe.

Jumatano, 3 Aprili

Siku sita hakuna kitu — na safari hii nimeuliza, sikutazama kamba. Ngazi tatu kapanda bila kusimama. Amenigombeza kwa kupiga pasi gauni lake mara mbili. Rangi inarudi.

Alhamisi, 4 Aprili

Zimerudi kidogo. Kaleta beseni mwenyewe, akaliweka miguuni pangu. Viwili, kasema. Andika viwili, usiongeze sifa zako.

Nimeandika viwili.

Redio kutoka ng'ambo: Shemeji, bendera ngapi leo? Mke wangu ndiye aliyemjibu: Mbili! Tangaza!

Ijumaa, 5 Aprili

Naandikia gotini, kwenye benchi la hospitali. Tumefika kabla ya mfagiaji. Amevaa gauni la kijani, mikunjo ya mikono imenyooka kama rula, hapa hakuna aliyepigiwa pasi kama yeye.

Aliniuliza, majibu yakiwa mabaya je? Nikamwambia nimeondoa madoa ambayo mafundi wote walisema haiwezekani. Akasema mimi siyo shuka. Nikasema najua. Akanishika kidole gumba, hajakiachia, ndiyo maana mwandiko umezidi kuwa mbaya.

Kuna watatu mbele yetu. Sasa wawili.

Atakayesema nimetia chumvi kwenye hesabu hii, namba zangu daktari kazinakili kwenye faili lake. Redio anajua za zile siku nilizodanganywa, maana pedi alinunua yeye. Na shahidi mkubwa ni mwenye damu yake. Asubuhi, kabla hatujatoka, kachukua sindano yangu akatoboa pembe ya ukurasa huu huu. Uzi mwekundu, mishono miwili. Ya jana. Ya leo kasema ataishona yeye mwenyewe tukitoka mle ndani.