Walikuja Kumtafuta Jirani

Jumatatu, 5 Juni 1995

Baridi tangu asubuhi. Moshi wa majiko umelala chini kwenye vichochoro, haupandi. Achieng ameenda shule na sweta iliyotoboka kiwiko. Mtoto wa fundi nguo. Aibu yangu, nitaishona Jumamosi.

Nimeshinda na kaptula za shule. Uzi mweusi umeisha, nimemalizia na wa bluu kwa ndani, mahali pasipoonekana. Mbwa wetu, Bosko, chini ya cherehani kama kawaida, kichwa karibu na kanyagio. Nikikanyaga, masikio yake yanatikisika. Wateja wanamruka tu. Wamemzoea.

Baba Achieng yuko njia ya Malaba na lori. Taniboi, msaidizi wa dereva, hana ratiba, anarudi akirudi. Akiwa hayuko, mbwa ndiye mwenye nyumba. Mwaka jana wezi walikata bati la nyuma wakitaka cherehani. Bosko alimshika mmoja suruali, hakumwachilia mpaka mtaa wetu wote wa Mashimoni ukaamka. Tangu siku hiyo ninalala usingizi wa kweli.

Maji hakuna. Jirani, Mama Vero, amenigawia jerikeni moja bila kuombwa.

Jumanne, 6 Juni

Wanasema polisi wameingia Gatwekera, mtaa wa pili hapa Kibera. Wamemwaga pombe ya watu, chang'aa, kwenye mtaro, wamebeba akina mama watatu.

Mama Vero amekuja jioni, akasimama mlangoni, hakukaa. Yeye si mtu wa kusimama. Pombe anapikia kule mtoni na kuuzia nyumbani, kila mtu anajua, hata wanaojifanya hawajui. Sijawahi kumsema. Mume wake alikufa Vero akiwa hajatambaa, na nguo za watu kule estate kwa wenye pesa alifua mpaka vidole vikaoza. Tena Achieng alizaliwa mikononi mwake, mvua ikinyesha, gari limekataa kushuka huku chini. Sisi si majirani tu. Ukuta wetu ni bati moja.

Amesema kesho ataamkia mtoni kuficha vitu vyake. Nimemwambia aende salama.

Jumatano, 7 Juni

Wameua Bosko.

Sijui niandike nini tena. Nitaandika vile ilikuwa.

Asubuhi. Achieng alikuwa ameshavaa yunifomu, anakunywa chai. Mlango ulipigwa teke, komeo likaruka. Wakaingia watatu, wawili na yunifomu, mmoja na koti la kawaida. Hakuna aliyebisha. Hakuna aliyesema yeye ni nani. Bosko alitoka chini ya cherehani akibweka. Hakumrukia mtu. Alisimama mbele ya mtoto, akabweka. Nilisema, "Afande, ngoja nimshike." Nilisema hivyo. Nilikuwa nimeshainama, mkono uko njiani.

Mlio wa bunduki ulijaa nyumba yote. Masikio yangu yalikufa. Nilimwona Achieng amefungua mdomo, na sikusikia sauti.

Wakaanza kupekua, Bosko bado anapiga miguu hapo sakafuni. Wakamwaga unga. Wakapindua godoro. Wakatupa kaptula zote chini, zikaangukia pale pale kwenye damu. Yule wa koti akauliza mtungi uko wapi. Nikamuuliza mtungi gani. Akaangalia cherehani, akaangalia vitambaa, akamwangalia mwenzake. Akasema, "Hii siyo nyumba yenyewe."

Basi. Wakatoka. Mlango wa Mama Vero ulikuwa na kufuli nje na watu walikuwa wameanza kujaa kichochoroni, kwa hivyo hawakungoja. Mmoja, kijana, labda hana hata mwaka kazini, alibaki nyuma kidogo. Akasema, "Pole, mama." Halafu akawafuata.

Bosko alinilamba kiganja. Halafu hakulamba tena.

Alhamisi, 8 Juni

Mbwa unamzika wapi Kibera? Kila mahali ni nyumba au choo. Watu walinishauri nimtupe kule reli. Sikuweza.

Mzee Ramadhani amenisaidia. Ndiye mwenye ploti yetu, Mnubi, ua wake uko huko juu, una mpera na nafasi kidogo. Nilienda kumwomba jembe tu. Mbwa yeye hagusi, dini yao haitaki, na miaka yote Bosko akipita alikuwa anakunja kanzu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akachukua jembe mwenyewe. Nikamwambia, "Baba, wewe ni mzee, nipe mimi." Akasema, "Wewe lia. Mimi nichimbe."

Akachimba kwenye kona. Tulimshusha na gunia. Mzee akanawa mikono na miguu, akaenda kuswali. 

Achieng hajaenda shule. Hajala. Sakafu nimeisugua na majivu, bado naona.

Mama Vero hajaja. Alirudi jana mchana, nilisikia kufuli. Ninasikia akikohoa upande wa pili. Mashimoni yote imekuja kusema pole, hata mwuza maji. Yeye bado.

Ijumaa, 9 Juni

Nimeenda kituoni. Nilivaa nguo ya kanisa ili wanione mtu.

Nilikaa kwenye benchi mpaka jua likaingia mlangoni. Yule wa kaunta alicheka kidogo aliposikia ni mbwa. Nikasema mlango wangu umevunjwa, unga wangu umemwagwa, bunduki imepigwa mbele ya mtoto. Nataka iandikwe. Sitaki kingine. Iandikwe kwamba walikosea.

Akaacha kucheka. Akasema, "Unasema walikosea nyumba."

"Ndiyo."

"Kwa hivyo kuna nyumba yenyewe. Waliambiwa mlango wa bluu. Tuonyeshe mlango wa bluu ni gani, tuandike yako leo leo."

Mlango wangu ni wa bluu. Wa Mama Vero pia. Tulipaka sote na mkebe mmoja wa rangi, Krismasi, tukicheka.

Sikumwonyesha. Akaniambia, "Mama, mtu anayeficha hawezi kuandikisha. Nenda nyumbani ufikirie."

Nimetembea mpaka nyumbani. Ninafikiria. Namchukia yule mtu. Na kuna mahali njiani, karibu na daraja, nilimchukia Mama Vero pia. Nimeandika, sifuti.

Jumamosi, 10 Juni

Baba Achieng amerudi. Alipiga mluzi kichochoroni kama kawaida yake, ule wa kumwita Bosko. Akapiga tena. Nilikuwa ndani, sikutoka. Achieng ndiye aliyetoka kumwambia.

Sijawahi kumwona akilia. Hata kwa mazishi ya baba yake alivumilia. Leo aliketi kwenye kitanda na buti zake za safari, akalia kama mtu anayetapika. Yule mbwa alimtoa Naivasha ndani ya koti, akiwa hajafungua macho vizuri. Alimnywesha maziwa na kitambaa.

Halafu hasira. Nilipomwambia maneno ya kituoni akasema, "Si uwaonyeshe? Anauza sumu, sisi ndio tunakufa?" Nikamwambia apunguze sauti. Akazidisha. Akasema kama siendi mimi, Jumatatu ataenda yeye. Nikamwambia akienda, asirudi kwangu. Sikujua nitasema hivyo.

Ukuta ni bati. Mama Vero alikuwa ndani. Hakukohoa.

Jumapili, 11 Juni

Hatukuenda kanisa. Hatuongei. Achieng ameanza kukojoa kitandani.

Jumatatu, 12 Juni

Baba Achieng hakwenda kituoni. Alivaa, akafika mlangoni, akarudi, akavua viatu. Akatengeneza komeo. 

Mama Vero amekuja mchana. Nilikuwa kwa cherehani. Aliketi chini, sakafuni, pale pale Bosko alipofia. Nilitaka kumwambia asikae hapo. Alisema, "Mama Achieng, ni mimi walikuwa wananitafuta."

Nikamwambia najua.

"Kila siku nashika mlango nije. Nakuja na uso gani?"

Nikamwambia angekuja tu na huo alio nao. Ndipo tukalia, sote wawili, kazi imelala. Alisema usiku anasikia Achieng akishtuka, naye anashtuka. Alisema ameacha kupika. Nikamjibu aendelee kuacha, atafute kibanda cha mboga, tutajua vile tutasaidiana. Nilimpikia chai. Alikunywa yote.

Aliponiuliza kama waliandika kesi yangu, nilimwambia ukweli. Hawakuandika. Walitaka mlango.

 Alisuuza kikombe, akakiweka mahali pake, akaenda.

Jumanne, 13 Juni

Nimechelewa kujua. Nimechelewa kabisa.

Asubuhi Mama Vero alimpeleka mtoto shule. Akarudi, akachukua kijerikeni cha mwisho cha chang'aa kilichobaki, akakifunika na leso, akakibeba kichwani mchana kweupe mpaka kituoni. Mwuza maji alimwona akipita, akadhani ni mafuta ya taa. Akakiweka kwenye kaunta. Akawaambia mlango wenyewe ni wake, mlango wa Mama Achieng hauna makosa, sasa waandike.

Haya nimeyasikia kwa yule askari kijana. Alikuja mwenyewe, bila kofia, akasimama nje. Alisema, "Mama, yule jirani yako amewekwa ndani. Ana mtoto, ameomba umchukue shuleni." Nikamuuliza kama wameandika ya kwangu. Aliangalia chini.

Nilimchukua Vero. Njiani aliniuliza mama yake ameenda wapi. Nilisema kuna kazi.

Jumatano, 14 Juni

Kortini Mama Vero alikubali makosa kabla hajamaliza kusomewa mashtaka. Faini au miezi mitatu. Alivyotuangalia tulijua faini hana, ni miezi mitatu. Kizimbani hakuwa na viatu. Sijui viatu vyake vilienda wapi.

Nilijaribu kusimama nieleze. Karani aliniambia nikae.

Alhamisi, 15 Juni

Dada ya Mama Vero amekuja kutoka Kawangware kumchukua mtoto. Mwanamke mzuri, amechoka, ana watoto wake watano na chumba kimoja. Alikuwa ameshafunga nguo za Vero kwenye karatasi ya nailoni. Vero alikaa kama mtu anayengoja gari.

Baba Achieng alikuwa kwenye kona anavaa buti. Zamu yake ya Malaba. Akasema, bila kuinua kichwa, "Mtoto ana mtihani. Abaki hapa mpaka mama yake atoke."

Dada mtu alimwangalia, halafu akaniangalia mimi. Nikafungua karatasi, nikatoa nguo moja moja, nikazipanga pamoja na za Achieng.

Baada ya mgeni kuondoka nilimshika Baba Achieng mkono. Hakuutoa. Alisema, "Nilisema vibaya ile siku. Alinisikia." Sikumwambia hapana. Alisikia.

Jumapili, 2 Julai

Nimeenda kumwona Mama Vero jela. Nilimbebea sabuni na mafuta ya kujipaka. Sabuni walinikubalia, mafuta wakayakataa langoni.

Amekonda lakini uso ni wake. Amenyolewa. Alinionyesha mshono wa bega kwenye nguo ya jela, akaniuliza nani aliyeshona takataka hii. Tulicheka kidogo. Mlinzi alituangalia, hakutukataza.

Aliuliza Vero anakula. Nikasema anakula kuliko Achieng, na wanagombania blanketi. Aliuliza Achieng anaamka bado. Nikasema siku nyingine. Aliuliza kama Baba Achieng amemsamehe. Nikamwambia ndiye aliyekataa mtoto aende Kawangware. Alifunika macho na mkono.

Halafu akaniuliza. Nilijua ataniuliza. Tangu Kibera nilikuwa nalibeba swali hilo tumboni.

"Waliandika?"

Nimeenda kituoni mara nyingi tangu ile siku. Yule wa kaunta sasa haniulizi hata ninataka nini. Anainua gazeti. Hakuna kitu kimeandikwa, na hakitaandikwa.

Nikamwambia, "Waliandika."

"Yote? Mpaka mtoto alikuwepo?"

"Yote."

Akapumua. Mabega yakashuka. Alisema, "Basi. Ni sawa." Akaniomba nikija tena nimletee habari za mtihani.

Nimerudi kwa miguu. Wasichana walikuwa wamewasha jiko bila kuambiwa, maji yanachemka, Vero anachambua sukuma wiki, Achieng anaosha nyanya. Nimekaa kwenye kitanda, nimevua viatu. Waliniuliza kama nitakunywa chai. Nikasema nitakunywa.