Baba, Skafu Yako Bado Iko Kwenye Sindano

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ulipoilaza skafu mapajani, ukaegemeza kichwa kwenye kiti chako cha dirishani, usiinuke tena. Tulitaka kukuandikia, kwenye tangazo hili la kumbukumbu, yale maneno ya watu waliokwisha kuzoea. Hatujazoea. Tunaogopa, na anayeogopa kutushinda sote ni Mama, ndiyo maana habari nyingi za hapa ni zake.

Wengi wanakukumbuka ukiwa na lori. Ulikuwa mtu wa kupunguza mwendo karibu na shule hata siku za likizo, wa kumpa lifti yeyote mwenye mzigo, wa kuosha tairi kabla hujaosha uso. Kisha kiharusi kikakukamata mkono wa kulia, ukarudishwa nyumbani, na muuguzi wa mazoezi akasema vidole vyako vinataka kazi ndogo ndogo kila siku. Shangazi, dada yako, ambaye nusu ya watoto wa mtaa huu wamevaa masweta yake, akakuletea sindano mbili na uzi wa kijivu. Akakufundisha kufuma kama anavyofundishwa mtoto.

Mtaa ulivunjika mbavu kwa kicheko. Kinyozi wa mlango wa pili alikuja na mkasi wake mkononi kuhakikisha kwa macho yake.

"Dereva, yaani umeacha lori umehamia kwenye masweta?"

"Hili nalo ni gari," ukamjibu. "Tena lina sukani mbili, na zote zinavuta kushoto."

Ulianza skafu hiyo moja na hukuanza kitu kingine. Kila aliyekuuliza utaimaliza lini, ulimwambia bado hujafika. Ilishuka kutoka mapajani hadi miguuni, ikajikunja sakafuni, na wajukuu wakawa wanaitumia kama barabara ya magari yao ya maboksi. Wewe uliwapisha.

Sasa kulikuwa na jambo moja ambalo Mama alidhani hulijui. Kila asubuhi, kabla hujaamka, alikuwa anaichukua skafu kwenye kiti na kutafuta mistari uliyofuma jana yake. Mkono ukiwa umeamka vizuri, vitanzi vilikaa vimebanana. Mkono ukiwa mbaya, vililegea. Mama alikuwa na kipimo chake, kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Kisipopita kwenye kitanzi, alikwenda kwenye jiko la shule anakopika akiimba. Kikipita, siku nzima chumvi anaitia mara mbili, na akirudi anafungua mlango taratibu kwa hofu ya atakachokikuta. Hakumwambia mtu. Alilala na kanga na pochi kando ya mto, ili usiku wowote ukizidiwa asihangaike kutafuta cha kuvaa.

Halafu mistari ikaanza kukaza. Wiki hii, wiki iliyofuata, kidole hakipiti. Mama akajaribu na kesho yake, hakipiti. Taratibu moyo wake ukashuka mahali pake. Kanga akairudisha kabatini. Akaanza kulala usingizi wa kukoroma, nawe ukapata cha kumtania mbele ya wageni. Asubuhi ile alikuaga akicheka, na alipoitwa kutoka jikoni kwenye simu ya ofisini alikuwa bado na mwiko mkononi.

Kwenye msiba hakulia kama tulivyotarajia. Alikaa kwenye mkeka akirudia, "Kidole hakikupita. Jamani, kidole hakikupita." Tulidhani majonzi yamempanda kichwani. Shangazi peke yake ndiye aliyeinuka akatoka nje, na hatukujiuliza kwa nini.

Tunafika kwenye habari ambayo hatukutaka kukupa. Mama alipasuliwa mwezi uliopita. Wametoa uvimbe tumboni, wakaupeleka kupimwa, na majibu tumeambiwa tuyafuate wiki ijayo. Yuko nyumbani. Haruhusiwi kuinama, haruhusiwi kubeba hata birika, na wewe unamjua, kwake kukaa bure ni kuugua mara mbili. Siku ya tatu akasema tumletee mfuko wa skafu.

Aliitandaza kitandani yote, kutoka mwanzo. Mwanzo wako ulimchekesha, mashimo ya kupitisha ngumi. Akaifuata kwa mkono mpaka karibu na mwisho, na hapo akasimama. Ukingo ulikuwa umebadilika. Wewe hukuwahi kufuma ukingo ulionyooka, Baba, pembeni pako palikuwa na vinundu kama barabara mbovu. Kuanzia pale ukingo ulinyooka, laini, umesukwa kama mkufu. Mama anaufahamu ukingo huo. Uko kwenye masweta ya nusu ya mtaa.

Shangazi alipoingia na chai, aliikuta ile skafu imefunuliwa mahali hapo.

"Wifi," Mama akamwambia, "mkono huu ni wa nani?"

Shangazi aliweka chini sinia. "Ni wangu."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka karibu na mwisho. Alikuona, wifi. Asubuhi ulidhani amelala, hakuwa amelala. Akaniambia, 'Huyu mwanamke ananikagua kama trafiki anavyokagua tairi. Akiona nimeisha hatakula, hatalala, na kazi ataacha.' Basi wewe ukienda kazini, yeye anafuma, mimi nikija kabla hujarudi nafumua, nafuma upya."

"Mkanipiga changa la macho, mtu na dada yake."

"Tulikupiga."

"Alikuwa anaogopa?"

"Alikuwa ananishika mkono mpaka unauma. Ukisikika tu mlangoni, ananiachia na kuanza utani."

Mama alikasirika, Baba. Hatutakuficha, maana kuficha ndiko kulikotufikisha hapa. Alikusema maneno ambayo hayaandikwi kwenye tangazo. Alisema usingizi ule wote uliompa ulikuwa wa kuazima, na kwamba angejua angekaa na wewe, chumvi izidi, kazi iharibike, angekaa. Alisema aliogopa peke yake upande huu wa ukuta na wewe ukaogopa peke yako upande ule, wote wawili mnajikaza kisabuni, na chai mnakunywa meza moja. Shangazi alilia mpaka kilemba kikamfunguka.

Baadaye Shangazi akashika ile sindano yenye vitanzi, akaisogeza kwake.

"Mstari huu wa mwisho ni wake," akasema. "Aliufuma asubuhi ile ulipoondoka. Sikuwahi kuugusa."

Mama akanyoosha kidole kidogo. Kikapita. Kilipita chote, na cha pete kingepita. Akakiacha humo ndani ya kitanzi chako muda mrefu, na sisi tuliokuwa mlangoni hatukujua pa kuweka macho.

Tangu siku hiyo anafuma yeye, kuanzia ulipoachia. Hakukata uzi. Anafuma vibaya, tuseme ukweli, kovu linamvuta akikaa wima. Vitanzi vinaponyoka. Shangazi anakaa pembeni yake amekalia viganja vyake, maana vinamuwasha, lakini amri imeshatolewa na wote tumeisikia.

"Asiniguzie mtu hii kazi. Kikilegea, kilegee. Nataka muone."

Na tunaona. Hiyo ndiyo hofu ya nyumba hii sasa. Kila mmoja wetu anapita pale kitini kwa kisingizio chake, huyu anatafuta miwani, huyu anafungua dirisha lililokwisha kufunguliwa, na kila mmoja anaondoka na roho juu. Hatuna mtu wa kutufumia upya tulale.

Leo asubuhi kifungua mimba wako, binti yako wa kwanza, alinyata mpaka chumbani. Mama amelala ameupa mlango mgongo. Akachukua skafu, akatafuta mistari ya jana, akanyoosha kidole kidogo cha mkono wa kushoto.

"Kinapita?" Mama akauliza, bila kugeuka.

Dada yetu nusura aiangushe. Angeweza kusema hakipiti. Anasema neno lilishafika mdomoni, tena kwa sauti yako ya utani.

"Kinapita, Mama."

"Najua, nilijaribu jana. Naogopa, mwanangu."

"Hata mimi."

Mama akajivuta ukutani, polepole, ameshika tumbo, akaacha nafasi upande wako wa kitanda.

"Basi usisimame hapo kama mgeni. Njoo tuogope pamoja."

Tumewakuta wamelala hivyo, skafu imewafunika wote wawili, na sindano bado zimo.

Unakumbukwa na mkeo, aliyeahidi kuifikisha hii skafu ulikokuwa unaipeleka, popote pale, dada yako, ambaye siku hizi analala kwetu, wanao watatu, wakwe zako, wajukuu ambao bado wanahitaji barabara, na kinyozi, aliyeomba aandikwe, na ambaye tangu uondoke hajampata wa kumjibu.

Kututoka moyoni hutatutoka, Baba, wala hatutaki.