Namna Nilivyoachia Kiti cha Mjumbe

Satellite, Riruta,
S.L.P. 1174,
Nairobi.

16 Novemba 2025

Mpendwa dada yangu Kasyoka,

Goti lako linaendeleaje? Wifi yako Kaindi ananiambia bado unapanda ngazi za kazini kwa kushikilia ukuta, na kwamba theluji imeshaanza huko Halifax. Lifunge goti hilo kwa kitambaa cha sufu, wala usiwasikilize wanaokwambia ni uzee. Mimi ndiye niliyekutangulia kuzaliwa na bado ninapanda hadi ghorofa ya tano. Sisi huku tu wazima. Mvua imeharibu barabara yetu kama desturi yake, nami nimeshaiandikia kaunti barua mbili ambazo hazijajibiwa, kwa hiyo unaona afya yangu ni nzuri.

Sasa kaa chini. Wamekubali. Jana Jumamosi, nyumbani kwa kina Kui pale Mountain View, wazee wao walisimama wakatupa mkono, na mwanao Mwendwa atamwoa mwezi wa Aprili. Nimelala kama mtoto aliyetoka kuoshwa.

Ninakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu sisi wawili hukatizana, na hili nataka ulisikie lote. Nilikudanganya. Mwezi uliopita nilikwambia mkutano wa kwanza uliahirishwa kwa ajili ya mvua. Haukuahirishwa. Tulienda, nami nikauvunja.

Mwendwa hana baba wa kumsemea, ana wajomba. Kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, nilijipa usemaji bila kumwuliza mtu. Upande wao msemaji alikuwa Mzee Kihara, baba mdogo wa Kui. Hakuwa amemaliza sentensi ya tatu nilipoanza kumsahihisha. Nilimwambia kwetu Wakamba mbuzi wa ntheo wakishachinjwa nyumbani kwa kina bibi harusi, ndoa imeshafungwa, na mengine yote ni biashara iliyovikwa kanzu ya mila. Nikamwekea historia yote tangu misafara ya pembe za ndovu. Nilikuwa na hoja, Kasyoka! Nilimshinda kwenye kila kipengele. Nilipoinua kichwa, chai ilikuwa imeshaondolewa mezani.

Wiki tatu hawakushika simu. Kui alikuwa akilia, na Mwendwa hakunijibu lolote ila "sawa, anko".

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilimfuata Mwendwa kwake Kileleshwa ili nijitetee. Nikamkuta mbele ya kompyuta anacheza mchezo. Unajua niliyowahi kuandika gazetini kuhusu michezo hiyo; niliiita bangi ya vidole. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niyarudie ndipo nikaona jina langu kwenye kioo.

Nikueleze. Ni mchezo wa enzi za wafalme wa Ulaya, ngome na mapanga. Wewe ndiwe mfalme, lakini mfalme hafanyi kitu kwa mkono wake. Anafanya kwa washauri watano. Mjumbe hutumwa kuwatuliza majirani. Mhazini hukusanya kodi. Jemadari hufundisha askari. Kasisi huliweka kanisa upande wako. Mkuu wa majasusi hutega sikio ukutani. Kila mtu katika ufalme ana alama zake kwa kila kazi, na tabia zake zimeandikwa chini ya picha yake. Ukimtuma mjumbe mwenye alama duni, jirani uliyetaka atulizwe anazidi kuwaka.

Utasema, basi chagua wenye alama. Hapo ndipo mchezo ulipoanza kunikera kwa ukweli wake. Wakuu wa majimbo hudai viti kwa sababu ya ukubwa wao. Ukiwapa, kazi inaharibika. Ukiwanyima, wananuna, wanakutana chemba, kisha wanainua bendera. Nimesoma vitabu vya siasa vilivyohitaji kurasa mia nne kulisema hilo.

Mwendwa alikuwa amewapa wakuu wake majina ya nyumbani kwetu. Mjumbe wake, mwenye ndevu nyekundu na uso wa mtu aliyeuma ndimu, aliitwa Musembi. Vita: kumi na tisa. Ujumbe: tatu. Msomi. Mkaidi. Mwenye hasira.

"Tatu?" nikamwuliza. "Tatu kati ya ngapi?"

"Anko, zuia hasira kwanza. Inaweza fika hata thelathini."

"Na unamfanyia nini huyu?"

Akakuna kichwa. "Namtoa kwa kiti. Nimejaribu mara tatu. Ya kwanza akanuna. Ya pili akahamia kwa adui. Ya tatu akachoma ikulu."

"Akachoma ikulu?"

"Mpaka jikoni, anko."

Ndipo nikaelewa. Mwanao alikuwa anafanya mazoezi ya kuniondoa. Mwanamume wa miaka thelathini na moja, anatafuta kwenye mashine njia ya kuniambia nikae kando bila nyumba yetu kuungua.

Nikamwuliza, "Na huyo Musembi akitaka kuachia kiti mwenyewe, unabonyeza wapi?"

Akapekua kioo kizima kwa kipanya. "Hakuna pa kubonyeza. Hawaachiangi."

"Basi mchezo wako una kasoro," nikamwambia, "kwa sababu mimi nimeachia. Mjumbe ni Mutiso."

Ndiyo, Mutiso huyu huyu mdogo wetu, fundi wa saa wa River Road, ambaye tangu azaliwe hajamaliza sentensi bila kusimama kufikiri. Mwendwa akaniuliza mimi nitakaa wapi, maana mkuu asiye na kiti ni hatari. Nikaomba ujemadari. Akasema, "Anko, Jumamosi hakuna vita." Akanipa ukuu wa majasusi. Nikamwambia sina ujanja huo. Akanijibu kwamba katika kiti hicho ujanja hautoshi, kwa kuwa jasusi mjanja asiyekupenda ndiye atakayekutilia sumu. Kiti hicho unampa anayekupenda. Nikakubali bila hoja, na wewe unajua hilo hutokea mara ngapi.

Jumatatu Mutiso alifunga kibanda chake, akaenda kwa Mzee Kihara peke yake na kilo mbili za sukari, akaomba radhi kwa maneno yasiyozidi kumi. Tukapewa Jumamosi.

Jana nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango wa jikoni. Nilimsaidia Virginia, mama yake Kui, kubeba vikombe, na huko jikoni akaniambia jambo ambalo mwezi uliopita sikumpa mtu nafasi ya kulisema. Mbugua, baba yake Kui, alifariki binti akiwa darasa la pili. Kihara ndiye aliyemlea. Siku ile ya kwanza alikuja na maneno yake ya kutueleza hivyo, ameyafanyia mazoezi wiki nzima, nami nikamkatiza kwenye sentensi ya tatu.

Nilisimama pale na sinia mkononi. Mwendwa hana baba wa kumsemea. Kumbe Kui naye hana.

Nikaenda nikamnong'oneza Mutiso. Mutiso akafikiri, kama kawaida yake, kisha akasema, "Mzee, kabla ya mbuzi, tuambie mtoto wako amekua vipi."

Kihara alizungumza saa nzima. Alivyomfundisha baiskeli, alivyokuwa akimsuka nywele vibaya siku ambazo mama yake yuko kazini, alivyompeleka chuo wakaachana langoni bila hata mmoja kuweza kusema kwaheri. Katikati akapotea njia akaingia kwenye historia, akadai Wakamba walifundishwa kufuga nyuki na Wakikuyu. Kasyoka! Nyuki! Watu wetu wote waligeuka kunitazama. Nikaomba chai. Nilikunywa vikombe vinne.

Alipomaliza alikuwa anajipangusa macho, na hakukuwa na ubishi uliobaki. Mbuzi wa ntheo watachinjwa, na mila zao zitafuata, kila moja kwa siku yake. Nililolipigania kwa hoja na kulikosa, tulipewa bila kuomba.

Tulipokuwa tukitoka, Kihara alimwuliza Mutiso kwa sauti ya kunisikizisha, "Na huyu mwenye moto, leo mmemfunga mdomo na nini?"

"Alijiuzulu, mzee."

"Alijiuzulu? Nchi hii?" Akacheka mpaka akakohoa. Akanishika mkono, hakuuachilia hadi tulipofika kwenye geti.

Kwa hiyo kata tiketi ya Aprili. Uongo wa mvua njoo unigombeze kwa ajili yake ana kwa ana. Nitanyamaza, sasa nina uzoefu. Kwa siku ya harusi niliomba dakika kumi za kusema machache. Mwendwa ameshauriana na Kihara, wamenipa mbili.

Nisalimie binamu yetu Kavutha na mumewe Haron, na umwambie Haron kitabu changu alichokiazima nakitaka. Kaindi anakusalimu, Mutiso pia, na Kui, ambaye tangu jana anakuita mwaitu, kama mama aliyemzaa. Mungu akushikie goti kwenye ngazi zote zilizobaki, akufikishe kwetu ukiwa mzima.

Mchana huu Mwendwa amenitumia picha ya mchezo wake. Mjumbe sasa anaitwa Mutiso, na ikulu imesimama. Musembi yuko pembeni katika kiti cha majasusi, bado ana ile tatu yake ya ujumbe. Mwendwa anauliza kama aipandishe kidogo. Nimemwambia aiache.

Kaka yako akupendaye, aliyekuwa mjumbe,
Musembi