Kadi ya Ijumaa ya Pili

Harmon, Ohio
Jumatatu, 14 Septemba 2009

Kaka yangu Vernon,

Pokea salamu za mdogo wako, na umgawie shemeji Joyce kabla hujazimaliza peke yako. Goti linasemaje? Uliponipigia simu Jumatano ulisema daktari amekuruhusu kupanda ngazi. Nilimwambia Lorraine kwamba, jinsi ninavyokujua, ulikuwa umeshazipanda wiki mbili kabla ya ruhusa. Sisi hatujambo. Nyanya zimetuelemea mwaka huu, Lorraine amezisindika mpaka rafu za chini ya nyumba zimejaa, na mahindi ya jirani yameanza kukauka majani. Mwili wangu ni mzima, ila tangu Jumatano ile kuna neno sijakuambia, na ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningefurahi kukatizwa.

Habari ya kwanza ni kwamba nastaafu Desemba. Miaka kumi na tisa ya ukuu wa michezo katika shule ya Harmon yatosha. Nimeanza kuhamisha vitu ofisini, na humo nimelikuta sanduku la kadi za marehemu Merle Stauffer, katibu wetu wa ligi, ambalo mkewe Arlene alinikabidhi baada ya mazishi. Sikuwahi kulifungua. Debe la maziwa, lile kombe la mechi yetu na ninyi, nalo bado liko nyuma ya mlango, nusu limepakwa rangi yetu na nusu rangi yenu ya Tarlow. Tulilishinda mara ya mwisho mechi ilipochezwa, na halikupata tena mtu wa kuligombea. Huwa natundika koti juu yake. Naona aibu kukuambia hivyo, lakini leo ni siku ya kuambiana.

Niruhusu nizunguke kidogo kabla sijafika. Wewe ulikuwa kocha wa futiboli ya Kimarekani pale Tarlow miaka ishirini na mbili, lakini ratiba uliiona ikiwa tayari imepigwa chapa. Watu wa pale kituo cha mafuta hudhani inashuka kutoka mbinguni. Ni Ijumaa kumi, mechi kumi. Saba ni za ligi, na hizo Merle alizipanga mezani jikoni kwake, kadi moja kwa kila mechi. Tatu za mwanzo kila shule hujitafutia yenyewe, lakini hizo nazo sisi wakuu wa michezo tulimpelekea kila Januari katika chumba cha nyuma cha mkahawa wa Dottie, ili aangalie zisigongane. Waamuzi ni wachache. Shule mbili zinatumia basi moja la bendi. Uwanja mwingine hugeuka maegesho wiki ya maonyesho ya kilimo. Merle alikuwa na yote kichwani, hata nani angeanza kuvuna tarehe gani.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa mechi ya Karibu Nyumbani. Kila shule inataka mgeni dhaifu siku hiyo, wahitimu wa zamani waondoke wakicheka na msichana aliyechaguliwa malkia wa shule avishwe taji kwa furaha. Kwa hiyo kualikwa ni kutukanwa. Unakumbuka mwaka mlioalikwa na shule nne? Ulikuja mwenyewe kwa Dottie, ukasimama na uma mkononi, ukatuambia, "Jamani, mimi naalikwa kwenye sherehe kuliko mchungaji, na hata kipande cha keki sijawahi kupewa!" Tulicheka mpaka Merle akavua miwani. Jambo usilolijua ni kwamba ulipoondoka alichukua kifutio, akaziondoa mbili kati ya zile nne, na wenye shule waliponung'unika akawaambia wakatafute mnyonge wao kwingine.

Sasa nije kwenye Ijumaa ya pili, siku ya mechi yetu na ninyi. Mechi zote nyingine zina mkataba wa miaka miwili, na wakuu wa shule hutia saini. Harmon na Tarlow hawakuwahi kuandikiana. Babu yetu aliianzisha mechi hiyo kwa kupeana mkono na mtu wenu wa maziwa, na miaka hamsini na minane hakuna aliyedhani inahitaji karatasi. Mwalimu mkuu mmoja mgeni alipokuletea mkataba, ulimuuliza kama hutiliana saini na mama yake ndipo aende kula Krismasi. Ndiyo maana kadi hiyo peke yake Merle aliiandika kwa wino. Nyingine zote zilikuwa za penseli.

Jumatano ulinisomea hotuba utakayoitoa Jumamosi, wachezaji wenu wa mwisho watakapokutana kwenye uwanja wa zamani kabla nguzo za taa hazijang'olewa. Kurasa tatu. Katika ukurasa wa pili unasema timu ya Tarlow haikuuawa na uchache wa watoto. Unasema iliuawa na mzee mmoja aliyechanganya kadi zake kwa uzembe, akaiacha Ijumaa yenu tupu, kisha unamtaja Merle Stauffer kwa jina. Uliniuliza kama ni kali mno. Nilikujibu kwamba ni hotuba nzuri. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, Vernon, huku nikijua kwamba Arlene ameombwa aoke pai na atakuwa ameketi pale pale mbele yako.

Merle hakuchanganya kadi. Niliyeikata mechi ile ni mimi.

Ilikuwa Januari ya mwaka 2004. Msimu uliotangulia tulikosa mtoano kwa nusu pointi, na unajua pointi za jimbo zinavyohesabiwa: ukimfunga mkubwa unavuna, ukimfunga mdogo unaokota, na huyo mdogo akiendelea kufungwa na wengine, hupati hata cha kuokota. Mwalimu mkuu wetu, Bwana Trask, aliniita akaniambia kwamba kila mwaka tunaitupa Ijumaa ya pili kwa ajili ya kumbukumbu za wazee. Wiki hiyo hiyo nikapigiwa simu na shule kubwa ya kaskazini. Walikuwa na nafasi moja tu, Ijumaa ya pili, na walitaka jibu kabla ya saa sita mchana. Nikasema ndiyo. Nilijidanganya kwamba ninyi tutawasogeza wiki ya kwanza au ya tatu, na kwamba kwa kuwa wewe ni kaka yangu utaelewa. Kumbe ungeelewa kweli, kama ningekuuliza.

Nilimpelekea Merle habari hiyo jikoni kwake. Alizipanga na kuzipangua kadi mchana kutwa. Mechi nyingine zote zilikuwa na saini. Isiyokuwa nayo ni yetu peke yake. Akaniambia nirudi kwenye simu nikakatae. Nikamwambia nimeshatoa neno langu. Akanitazama, akasema, "Na neno la babu yako utalitupa wapi, Dale, kwenye takataka?" Alikataa kuifuta kadi ile kwa mkono wake. Alinisogezea kalamu, nikaikata mwenyewe, na akanilazimisha niandike herufi za kwanza za jina langu pembeni.

Kisha nikamwomba jambo ambalo hata leo nikilikumbuka masikio yanawaka. Nilimwomba aseme amekosea yeye. Alikuwa na miaka sabini na moja; nilimwambia watu watamsamehe mzee, lakini kaka yangu hatanisamehe mimi. Mwishowe alisema, "Nitakubebea mpaka mavuno. Mahindi yakishaingia ghalani, ubebe mwenyewe."

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, maana yalikupata wewe. Nafasi iliyobaki ilikuwa kwa shule ya mbali, saa tatu kwa basi, yenye watoto mara tatu ya wenu. Mlirudi na kijana wenu wa kurusha mpira akiwa amevunjika mfupa wa bega, na wenzake wawili wanachechemea. Hamkushinda hata mechi moja mwaka ule. Agosti iliyofuata walijitokeza wachezaji kumi na wanne, na Oktoba bodi ya Tarlow ikapiga kura ya kuifunga timu. Nasi huko kaskazini tulifungwa arobaini na moja kwa sita. Aliyefungwa hapewi pointi. Mechi ya babu niliiuza kwa sifuri.

Mahindi yaliingia ghalani, sikukuambia. Merle alinikumbusha mara mbili. Mara ya pili Tarlow ilikuwa imeshafungwa, nikamwambia sasa maji yamemwagika, kuna faida gani? Hakuniuliza tena, na hakumwambia mtu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: niliuona mwepesi kwa sababu ulikuwa mgongoni kwake. Kwa Dottie walianza kumtania kwamba akaoshe miwani kabla ya kugusa kadi. Mwaka uliofuata wakamtoa ukatibu kwa upole, wakampa saa ya ukutani.

Alipofariki aliacha karatasi ya majina sita ya wa kubeba jeneza. Lako lilikuwa la pili, baada ya mwanawe. Hukujua hilo, kwa sababu Arlene alipokupigia simu hakufika mbali; ulimwambia kwamba aliyeizika timu yako azikwe na wengine. Nilikuwa nimesimama kando yake aliporudisha simu mahali pake. Hakulia. Aliniuliza tu kama ningeweza kushika nafasi yako, nikasema naweza. Nililibeba jeneza la mtu niliyemsingizia, na wewe ukiwa nyumbani kwako umemkasirikia kwa haki kabisa, ila si yeye uliyepaswa kumkasirikia.

Jana baada ya kanisa nilikwenda kwa Arlene nikamwambia yote. Alikuwa akimenya matufaha ya pai za Jumamosi. Alisema alilijua tangu Januari ile, maana jikoni ni kwake na masikio ni yake. Merle alimkataza kusema, akimwambia kwamba maneno hayo ni ya Dale na Dale atayasema. Nikamuuliza kwa nini alikubali kuoka, akijua utakayoyasema. Alinijibu, "Vernon hakunikosea. Vernon amedanganywa." Kisha akanipa kisu, nikakaa nikamenya naye mpaka ndoo ikaisha.

Ndani ya bahasha hii utaikuta kadi. Wino ni wa Merle, mkato ni wangu, na herufi zilizo pembeni utazitambua. Jumamosi nitakuja na debe, nikiwa nimelisafisha kwanza, nilirudishe Tarlow, maana sikustahili kulikalia. Nitaketi mbele, karibu na Arlene, hata kama hutanitazama. Sikuombi unisamehe kabla ya siku hiyo, na baada yake utaamua mwenyewe. Nakuomba jambo moja tu: usiukate ukurasa wa pili. Nilisema ni hotuba nzuri, na ni nzuri kweli. Usome kwa sauti ile ile uliyonisomea. Badilisha jina tu.

Lorraine anawasalimu, ameisoma barua hii, na sasa amekwenda kunitafutia stempu. Nibusie shemeji Joyce, na utunze goti usipande jukwaa kwa haraka.

Ni mimi mdogo wako, niliyechelewa,

Dale